Nati ya Oili

Asubuhi ya kumrudisha mama kwake Muleba, nilijilaza chini ya gari pale Miembeni, Bukoba, na kuikaza nati ya kumwagia oili. Fundi alikuwa amebadilisha oili siku mbili kabla, na mimi mafundi siwaamini. Tulipofika Kemondo nikasimama, nikaikaza tena. Tulipopita Muhutwe moyo ukakataa kutulia, nikasimama mara ya tatu. Safari hii spana ilizunguka bila kushika, na oili ikaanza kudondoka kwenye lami.

Tulijikokota hadi gereji ya Muleba, macho yangu yakiwa zaidi kwenye taa ya oili kuliko barabarani. Fundi wa pale aliichomoa nati, akanionyesha jinsi meno ya nati yalivyolika.

"Nani aliikaza kupita kiasi hivi?"

"Fundi wa Bukoba," nikajibu haraka.

Mama akashusha kioo, akamsemesha fundi kwa upole wa Kihaya. "Ni huyu, waitu. Hata mimi ananipigia simu hivyo hivyo, mara tano kwa siku, kuniuliza kama nimemeza dawa."

Akanitazama.

"Iko siku sitapokea."