Sauti ya Pampu ya Mwisho

Ni asubuhi, na katika chumba cha mawasiliano cha mradi wa maji mama mmoja anachomoa redio koli kwenye chaja, anabonyeza kitufe na kusema taratibu: "Kituo kikuu hapa. Kuna mtu kwenye chaneli?"

Redio inakwaruza kidogo, kisha kimya. Anaiweka mezani na kumimina chai.

Hakuna aliyetarajiwa kujibu. Pampu zote zilizotapakaa bondeni sasa zinajiendesha, na taarifa zake huingia zenyewe kwenye skrini.

"Nimezoea tu," anasema, kama mtu aliyefumaniwa.

Kazini wanamwita Mama Redio. Alipoanza, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kila pampu ilikuwa na mhudumu wake, na kila mhudumu na redio yake. Sauti zote zilipitia mnara mmoja wa kilimani, unaopokea wimbi lililochoka na kulirusha upya likiwa na nguvu. Mnara ukizima, bonde zima linakuwa bubu.

"Mafundi wanauita mtandao wa nyota. Kituo kimoja kipo katikati, wengine wote wanakitegemea. Huu mpya ni wa utando. Pampu inapokea ujumbe wa jirani yake, inampasia mwingine. Moja ikifa, ujumbe unazunguka njia nyingine. Ni mzuri, sisemi uongo. Ila hauna salamu."

Wahudumu walipunguzwa mmoja mmoja, akabaki wa pampu ya mwisho, mgane aliyeishi huko peke yake. Mama Redio naye amefiwa na mume, na wanawe wote wana miji yao. Kila asubuhi walijuliana hali.

"Ananiambia, 'Dada, huku ni mimi na nyani tu, na nyani wenyewe wamenichoka.' Basi nacheka, siku inaanza."

Asubuhi moja mwaka jana, hakujibu. Skrini ilionyesha mambo shwari: presha ya maji, joto la mota, kina cha tangi. Msimamizi akasema labda betri imeisha.

"Nikamwambia, bosi, huyu hata akiwa na homa hunisalimia. Vihisi vya kwenye pampu vinaijua mota, mtu havimjui. Naomba gari."

Dereva alimkuta chini ya ngazi ya tangi, nyonga imevunjika. Alikuwa amelala pale tangu jana yake, akiisikia redio ikimwita, asiweze kuifikia.

Alipona, lakini kazini hakurudi. Binti yake alimchukua akaishi naye mji mwingine, na pampu yake ikaachwa ijiendeshe kama zile nyingine. Sasa uongozi unataka kuifunga chaneli ya sauti. Mama Redio ameomba iachwe, kwa ajili ya mafundi wanaokwenda bondeni peke yao. Bado hajajibiwa.

Yeye na mhudumu huyo hawajawahi kuonana.

"Kwenye redio anasema mmoja, mwingine anasubiri. Nikimpigia simu tunagongana maneno. Hajui zamu yake ya kusema inaishia wapi," anasema, na anacheka kwelikweli.

Likizo yake inaanza mwezi ujao, na tiketi ya basi ameshakata. Anakiri ana wasiwasi kidogo. Ana kwa ana, hajui wataongea nini.

"Lakini bintiye kaniambia mzee ameomba kiti cha pili kiwekwe nje, karibu na chake. Kipo pale tangu Jumapili. Basi nitakwenda, nikae."