Mokami, mfyatua matofali aliyesimama na wakuu wa kaya

Saa moja asubuhi, Mokami Werema amezama hadi magotini katika shimo la udongo kwenye kitongoji cha Kebwirigi, nusu saa kwa miguu kutoka Kewanja, kijiji kilicho kando ya mgodi wa dhahabu. Anakanyaga taratibu, akigeuza mguu kila hatua ili maji yaingie sawasawa. Kando yake Agustina anajaza udongo kwenye kalibu, anausawazisha kwa kiganja, anapindua. Matofali mawili yanakaa chini, kingo zake zimenyooka.

Lori la mteja linasimama. Dereva anachungulia dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na fedha au umekuja na salamu?"

"Vyote. Lakini mbona mume wa watu unakanyaga udongo na mke yuko hapo?"

"Mke wangu ana mkono mzuri wa kalibu," anajibu Mokami bila kusimama. "Wewe wa kwako ana mkono wa nini?"

Dereva anacheka mpaka anapiga honi bila kukusudia.

Mokami ana umri wa miaka sitini na moja. Mumewe, mzee Werema, alifariki mwaka 1993 wakiwa hawana mtoto hata mmoja. Aliachiwa ekari mbili na nyumba ya nyasi. Akajifunza kufyatua matofali, na kwa miaka mitano akanunua ng'ombe mmoja mmoja hadi wakafika wanane. Ng'ombe hao aliwapeleka kwa wazazi wa Agustina, akaoa.

Kwa Wakurya jambo hili si geni. Linaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari na kuoa mwanamke mwenzake, na watoto ambao mke huyo atazaa na mwanaume huwa wa nyumba hiyo, hulibeba jina lake na kurithi ardhi yake. Sheria ya nchi haiitambui kuwa ndoa, lakini vijijini watu huijua na kuiheshimu kama ndoa nyingine yoyote.

Agustina alikuwa na miaka ishirini na sita alipokuja, na mtoto mgongoni. Alikuwa amemkimbia mwanaume aliyemvunja mkono.

"Mama alinikuta kwa wazazi wangu," anasema Agustina, ambaye humwita Mokami mama. "Hakuanza na baba. Aliniuliza mimi kwanza, 'Unataka kuja kwangu?' Nilikuwa sijawahi kuulizwa kitu na mtu mwenye ng'ombe."

Leo wana watoto watatu, wote wasichana. Mkubwa, Teresia, yuko kidato cha pili.

Mwaka huu wa 2011 dhahabu imepanda bei, na habari za kupimwa kwa maeneo ya jirani na mgodi zimeenea. Watu wanajenga usiku na mchana nyumba wanazoziita tegesha, ambazo hazina mtu wa kulala, zimewekwa tu kungojea fidia. Matofali yanatafutwa kama chumvi. Mokami na Agustina wanafyatua mia tatu kwa siku, na kila tofali likishachomwa linauzwa shilingi themanini.

Lakini habari hizo hizo za kupimwa maeneo ndizo zilizotaka kuwatoa kwenye ekari zao mbili.

Mwezi Mei, shemeji yake Mokami, mzee Wangwe, ndugu wa mumewe marehemu, alipeleka hoja kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alitaka mkutano upige kura kwamba ndoa za mwanamke kwa mwanamke zipigwe marufuku Kebwirigi, zilizopo zisitambuliwe, na ardhi zao zirudi kwa ndugu wa marehemu.

"Alisema ni aibu mbele ya Mungu," anasema Mokami. "Miaka kumi na tatu Mungu hakuaibika. Aliaibika siku ndugu wa mume wangu waliposikia watu wanakuja na kamba za kupimia."

Si wote waliounga mkono hoja hiyo walitaka ardhi. Mwalimu Elieth, anayefundisha shule ya msingi, aliiunga mkono kwa sababu yake mwenyewe.

"Nimepoteza wanafunzi wawili darasa la sita," anasema. "Wazazi waliwaoza nyumba ntobhu wakiwa na miaka kumi na tatu. Nani aliwauliza wale?"

Mokami habishi. "Mwalimu ana haki. Mtoto asiolewe, si na mwanaume wala na mwanamke. Lakini ukikuta panya kwenye ghala, unachoma ghala?"

Kwa wiki tatu alizunguka nyumba kwa nyumba baada ya kazi, miguu ikiwa bado na udongo. Wengine walimkaribisha uji. Wengine walimfungia mlango. Mzee mmoja alimwambia amsalimie mkewe, kisha akatema mate. Mokami alimjibu kuwa salamu zimefika, akaenda nyumba inayofuata.

Siku ya mkutano watu walijaa karibu na josho la ng'ombe. Kabla ya kura, mzee Wangwe aliomba utaratibu. Alisema mambo ya ndoa na ardhi ni ya wenye miji, hivyo kila kaya ipige kura moja, na anayepiga awe mkuu wa kaya. Alijua vijana wengi na wake za watu walikuwa upande wa Mokami. Wazee wakapiga makofi. Mwenyekiti Waitara akakubali.

"Nilianza kumfunga mtoto mgongoni niondoke," anasema Agustina. "Nikajua tumekwisha."

Waitara akafungua daftari la kaya na kuanza kuita majina. Anayetaka marufuku asimame upande wa josho, asiyetaka upande wa barabara. Alipofika ukurasa wa nne akasoma, "Mokami Werema, mkuu wa kaya."

Mokami akainuka.

"Huyo ni mwanamke!" akapaza sauti Wangwe.

"Daftari linasema mkuu wa kaya," alisema Waitara.

"Nani alimwandika?"

Mokami akamgeukia. "Uliniandika wewe, shemeji. Ulikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Ulikuja kudai mchango wa zahanati, nikakuambia mume wangu yuko kaburini. Ukasema, 'Basi ulioa, wewe ndiye mkuu, lete ng'ombe.' Nilileta. Au yule ng'ombe naye hakutambuliwa?"

Mkutano ulipasuka kwa kicheko. Wangwe akaketi.

Jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelihesabu ni kwamba kila nyumba ntobhu katika daftari lile iliandikwa hivyo hivyo. Zilikuwa thelathini na moja. Mmoja baada ya mwingine, wanawake wale walioitwa aibu waliinuka kwa majina yao na kwenda kusimama upande wa barabara, mashuka mabegani, pamoja na wanaume waliokubaliana nao. Kura zilipohesabiwa, waliotaka marufuku walikuwa themanini na sita. Waliokataa walikuwa mia moja na moja.

"Sikushangilia," anasema Mokami. "Mtu hashangilii kuachiwa kilicho chake. Nilirudi nyumbani kwangu, nikala ugali wangu, nikalala."

Mwalimu Elieth, naye akiwa mkuu wa kaya yake, alisimama upande wa josho siku ile, na hajabadili msimamo. Lakini wiki iliyopita alifika shimoni na daftari la mistari, akaketi juu ya tofali na kuandika maneno ambayo Mokami alikuwa akimtajia. Ni hoja ya mkutano ujao, kwamba Kebwirigi pasitolewe mahari ya msichana aliye chini ya miaka kumi na minane, na kila anayeolewa aulizwe mwenyewe mbele ya watu, awe anaolewa na mwanaume au na mwanamke. Mokami ndiye atakayeisoma. Alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini, katika darasa la jioni la kanisani, na anasema atasoma polepole ili hata mzee Wangwe asikose neno.

Kuhusu umri wake mwenyewe, anazungumza bila kujificha. Mgongo umeanza kumsumbua, na anajua shimo hili hatalikanyaga miaka mingi zaidi.

"Nikifa, jina langu litafutwa daftarini na la Agustina litaandikwa hapo hapo," anasema. "Nimeshamwambia, mkutano ujao asikae nyuma na mtoto mapajani. Akae mbele na mimi, watu waanze kuizoea sura ya mkuu wa kaya."