Aje na Mama Yake

Harufu ya kibuyu kinachosuguliwa kwa kijinga cha moto hunirudisha Boito papo hapo. Bibi yangu, tuliyemwita Kogo, alitayarisha vibuyu vyake vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kila alipotarajia mgeni wa maana. Msimu ule wa mvua, nikiwa na miaka tisa, mgeni alikuwa wakala wa kumpeleka shangazi yangu Chelangat Uarabuni. Shangazi alikuwa amechoka kuchuma majani chai, naye wakala alimwahidi kazi ya hoteli. Tayari shangazi alikuwa na pasipoti, na jioni aliniruhusu niishike, mradi nimenawa mikono. Mimi nilishamwagiza viatu vyenye taa.

Wakala alikuja na gari jeupe, viatu vyake vya kung'aa vikazama kwenye tope letu jekundu. Alikunywa mursik kwa shida, kisha akaomba pasipoti, eti mengine yangemalizwa Nairobi. Kogo alikuwa ameikalia pasipoti hiyo tangu asubuhi. Kwetu, msichana hatoki nyumbani kabla anayemchukua hajaleta watu wake waulizwe ukoo na kwao, na Kogo hakuona kwa nini kuvuka bahari kuwe rahisi kuliko kuolewa kilima cha pili.

"Shosho, hii ni kazi tu, si harusi," wakala alicheka.

"Hata wa harusi hawezi peleka yeye mbali hivyo," Kogo akamjibu. "Kuja Jumamosi na watu yako. Kuja na mama yako."

Aliahidi kuja. Jumamosi tulichinja jogoo wawili, tukapika chapati, majirani wakajaa kusaidia kuuliza maswali. Chakula kikapoa. Simu ya wakala haikupatikana. Shangazi alilia, akasema mama yake amemharibia maisha, na kwa wiki mbili alizungumza naye kupitia kwangu tu. "Mwambie bibi yako chai iko tayari," angesema, na Kogo amekaa pale pale. Mimi nilisikitikia viatu vyangu. Kisha habari zikatufikia za wasichana wawili wa Siongiroi waliompa wakala yuleyule pasipoti zao. Huko Uarabuni walifungiwa ndani ya nyumba za watu, wakifanya kazi bila kupumzika. Mmoja alirudi, akawa anashtuka kila akisikia ufunguo mlangoni. Mwingine bado tunamuulizia. Siku hiyo niliona aibu kwa ajili ya vile viatu. Shangazi aliingia jikoni, akachukua kibuyu, akaanza kukisugua kando ya mama yake.

Kogo ametutoka, na mawakala siku hizi hawachafui viatu, huja kwa simu. Mwezi uliopita mmoja alimwandikia Chepkoech, binti wa shangazi, amtumie pasipoti upesi kabla nafasi haijajaa. Shangazi alivaa miwani, akaichukua simu, akaandika kwa kidole kimoja: "Karibu Boito Jumamosi. Uje na mama yako." Tuliona ujumbe umesomwa. Hakujibu. Jumamosi tulipika chapati hata hivyo, tukazila wenyewe, na Chepkoech akala nyingi kuliko sote.