Vumbi la Belo

Dada yangu Mektilda ni mtu wa kufoka. Tunauza mitumba Kariakoo, na kila tukifungua belo vumbi linafuka, tunakohoa, tunaendelea na kazi. Kwa hiyo kikohozi chake kilipogoma kuondoka, akakataa katakata kwenda hospitali. "Vumbi tu hili!" Mpaka akatema damu.

Leo daktari katuambia ni kifua kikuu. Eti mdudu wake amejifunika mafuta mazito kama nta. Seli za mwili humnyofoa kipande cha mafuta hayo na kukitundika nje, kama sisi tunavyotundika gauni moja mlangoni mteja ajue belo lina nini. Askari wa mwili, seli T, wakikigusa wanamtambua adui.

"Kama wanamtambua, mbona nakufa?" Mektilda akafoka.

"Hufi, mama, dawa zipo. Lakini kumtambua si kumshinda. Na wote unaokaa nao wapimwe."

Kifua kikaniwasha. Nikajizuia mpaka machozi yakanilengalenga, kisha nikakohoa. Daktari akanigeukia.

"Vumbi," nikasema. "Vumbi tu la belo."

Dada yangu akanitazama. Safari hii hakufoka.