Kuskusi ya Mzee Salhi

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa kama kawaida, Munjia alikuwa akichovya mkate kwenye mafuta ya zeituni bila kuutazama. Macho yalikuwa kitabuni. Ilikuwa Alhamisi, zamu yake kuwasomea wenzake maktabani.

"Mama Munsif, chai inapoa."

"Iache ipoe. Nikikwama leo utanicheka."

"Kwani siku nyingine sikucheki?"

Akanirushia ganda la yai.

Mke wangu alijifunza kusoma akiwa na wajukuu. Kila Alhamisi wanawake wa mji wetu wa Kef, Tunisia, walikutana maktabani kwa Bi Raudha, mkutubi. Walifundishana herufi, kisha wakasomeana hadithi. Walikaribisha yeyote, hata wazee wa kiume. Munjia alinitaka niende naye. Mimi shule sikuiona, kazi yangu ilikuwa kukamua zeituni. Akaomba miaka, nikakataa miaka.

Siku moja alirudi macho mekundu, akabandika kuskusi ya msiba, ile ngano tunayowapikia wafiwa.

"Nani kafa?"

"Mzee Salhi, mchimba visima. Kaacha mjane na mabinti."

Sikumjua, lakini msiba ni msiba. Nikavaa joho, nikajitwika sinia, nikamfuata. Akasimama mbele ya maktaba.

"Chakula hakiingii humu, Bi Munjia," Bi Raudha akasema mlangoni.

Nikampa mkono wa pole kwa kifo cha Mzee Salhi. Nyuma yake wanawake wakaangua kicheko. Mzee Salhi alikuwa mtu wa hadithi; alifia kitabuni.

"Umenibebesha sinia mji mzima kwa mtu asiyekuwepo?"

"Tumekaa naye msimu wote wa baridi," Munjia akasema. "Nimlie tu, nisimpikie?"

Bi Raudha mwenyewe akatandika mkeka uani. Tukala. Siku hiyo niliingia ndani, na sikuacha tena. Herufi alinifundisha Munjia, akinipiga vidole kwa kijiko.

Alhamisi ile ya ganda la yai, Munjia alisoma bila kukwama. Kabla ya wiki kuisha alifariki usingizini. Wenzake wakaniletea kuskusi, sinia juu ya sinia.

Alhamisi iliyofuata nilifika mlangoni pa maktaba, nikageuka nirudi. Nikakumbuka siku ya kwanza, niliposhika sinia tupu nikitaka kurudi nyumbani, naye Munjia akanivuta joho:

"Umeshakula chakula chake, baba Munsif. Sasa ingia umjue marehemu."