Mkaratusi Uliolalia Nyumba ya Kogo

Baba hakuwahi kuanguka kutoka mtini maisha yake yote. Alianguka kutoka kwa stuli pale sebuleni akibadilisha balbu, na nyonga ikavunjika. Alikuwa amekwea miti kuanzia Silibwet hadi Ndanai tangu kabla sijazaliwa, akikata ile iliyosimama karibu mno na nyumba za watu, ile ambayo mafundi wengine waliitazama wakaondoka. Hospitalini walimtia vyuma. Aliporudi nyumbani na mkongojo, hakuuliza chai wala ng'ombe. Aliuliza kama kamba zake zimeanikwa.

Zilikuwa zimeanikwa. Nilizianika mimi, kwa sababu kwa miaka kumi nilikuwa mtu wake wa kamba.

Kazi yenyewe ni hivi. Aliye juu hulifunga tawi kabla ya kulikata. Kamba hupitishwa kwenye panda ya juu, ikashuka hadi chini, ikazungushwa mara mbili tatu kwenye shina. Tawi likikatika, linaning'inia, na mtu wa chini anailegeza kamba polepole mpaka tawi litue chini kama mtoto anayelazwa kitandani. Ukilegeza haraka, umevunja paa la mtu. Ukibana mno, tawi linarudi kumpiga aliye juu. Wenye nyumba wengi waliniona kama binti aliyekuja kumbebea babake vyombo. Sikujali. Viganja vyangu vilikuwa vigumu kama soli ya kiatu.

Jambo moja hawakulijua. Nyuma ya zizi letu kuna mikaratusi mitatu, na Baba alinifundisha kuipanda yote. Alisema mtu wa kamba asiyejua huko juu kukoje ni hatari kuliko upepo. Kwa hiyo nilipanda, nikapunguza matawi, nikashuka. Lakini kwenye boma la mtu mwingine sikuwa nimewahi kuinua mguu kutoka ardhini.

Ndipo siku moja akaja kogo. Kogo ni bibi kwa lugha yetu, na yeye alikuwa bibi wa kijiji kizima: mjane mwembamba, mwenye shamba dogo la majani chai na ng'ombe wawili. Alikuja na mwavuli uliofungwa akiutumia kama fimbo. Akakaa, akapokea kikombe, akaeleza shida yake.

Mkaratusi ulioko nyuma ya nyumba yake alikuwa ameupanda marehemu mumewe, ukiwa mche wa kushikwa na vidole viwili. Sasa watu wawili hawakuweza kuukumbatia. Trekta la kupanua barabara lilikuwa limekata mizizi yake upande mmoja, na tangu hapo mti ulikuwa ukiinamia nyumba kidogo kidogo. Mvua za mwisho zilikuwa zimeangusha tawi likatoboa paa la jikoni. Tangu hapo kogo alikuwa akilala kwa jirani. Mafundi watatu walikuwa wameitwa. Wa mwisho, mwenye msumeno mkubwa wa mafuta, ule tunaouita pawasoo, alizunguka mti akasema, "Bomoeni nyumba kwanza, halafu mniite."

"Nyumba ile niliijenga kwa kuchuma majani, kikapu kwa kikapu," kogo akasema. "Siwezi kuibomoa kwa ajili ya mti."

Baba akaugusa mguu wake. "Kogo, unaniona. Mguu huu hata ngazi za kanisa unazikataa."

"Sikuja kuuliza habari za mguu. Nimekuja kuuliza kama kuna mtu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Yuko."

Kogo alinitazama, akaitikia kwa kichwa kama aliyepata alichokifuata, akamaliza chai yake na kwenda. Baba alingoja kogo avuke lango, ndipo akanigeukia.

"Umesema yuko. Ni nani?"

"Ni mimi."

"Mti ule si kama hii yetu ya nyuma ya zizi."

"Najua. Nimeuona."

"Umeuona lini?"

"Jumapili tukitoka kanisani. Niliuzunguka mara tatu."

Nadhani alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamtoroka. "Haya. Na nani atashika kamba?"

"Kamba haitaki miguu, Baba. Inataka mikono na kiti."

Tulianza asubuhi moja kavu, barua ya chifu ya kuruhusu mti ukatwe ikiwa mfukoni mwa kogo. Watu wa stima walikuwa wameshakuja kuufungua waya wa umeme uliopita chini ya mti. Baba tulimleta kwa pikipiki, akashushwa taratibu, akawekwa kwenye kiti cha mbao mbele ya mti mwingine, mgrevilea uliokuwa umesimama imara mbali kidogo. Akaizungusha kamba kwenye shina lake. Akaivuta, akaipima, akaniangalia.

Watu walikuwa wamejaa kwenye ua. Wachumaji walitoka shambani na vikapu mgongoni. Yule fundi wa pawasoo naye alikuja, akasimama mikono kifuani.

"Huyu mama akianguka," akasema kwa sauti ya kusikika, "nani ataulizwa?"

Kogo alimgeukia. "Wewe uliulizwa, ukakataa. Sasa nyamaza watu wafanye kazi."

Nilifunga mkanda kiunoni, nikauning'iniza hapo msumeno mdogo wa mafuta wa Baba. Nilivaa vyuma vyenye ncha ambavyo fundi wa kuchomelea pale Silibwet alinitengenezea kwa kipimo cha buti zangu, nikaupiga mti kwa mguu wa kulia, chuma kikashika. Mguu wa kushoto, kikashika. Sitadanganya kwamba sikuogopa. Nilipofika usawa wa paa, nilisimama. Mti uliokatwa mizizi husogea tofauti na mti mzima. Ulikuwa ukitetemeka hata nilipopumua. Nikaweka paji la uso kwenye gome lake nikaomba kwa maneno matatu tu. Kisha nikapanda.

Tawi la kwanza lilikuwa lile lililokaa juu ya tangi la maji. Nikalifunga, nikapiga mluzi mmoja, maana yake "bana". Nikakata. Tawi likashuka ghafla kiasi cha mkono, kamba ikalia, halafu likatulia hewani. Nikapiga mluzi mara mbili. Likaanza kushuka, polepole, likapita mlango wa jikoni, likapita kamba ya nguo, likatua kwenye nyasi bila kuvunja hata kikombe. Nilitazama chini nikaona kofia ya Baba na mikono yake miwili ikiilegeza kamba. Nilikuwa nimetumia miaka yote ile nikitazama nyayo zake. Sikuwa nimewahi kujua jinsi mtu anavyojisikia huko juu akimjua aliye chini.

Baada ya hapo hofu ilinitoka. Tawi baada ya tawi. Saa nne nilikuwa nimepita matawi yote ya upande wa nyumba, na kote nilikotazama kulikuwa na majani chai, kilima baada ya kilima, na lori moja likipanda barabara kama mdudu.

Ilibaki kilele. Kilikuwa kirefu na kizito, na hakukuwa na panda juu yake ya kupitishia kamba ya kukishushia. Ilibidi kivutwe kiangukie upande wa pili, kwenye nyasi za napia, kati ya tangi na zizi. Nilikifunga kamba ndefu, nikaitupa chini, nikakata mdomo, lile pengo la kukielekeza, upande wa napia, kisha nikaanza kukata kwa nyuma. Nikiwa karibu kumaliza, upepo ulitoka upande wa barabara. Kilele kikarudi nyuma kuelekea nyumba, kikaukalia msumeno. Injini ikanguruma, ikashindwa.

Chini mtu alipiga kelele. Wengine wakakimbia kutoka karibu na nyumba.

"Usiuvute!" Baba akaita. "Zima."

Nikazima. Shina lote liliyumba, nami nikayumba nalo, na msumeno umenaswa mbele ya kifua changu.

Nilingoja aniambie la kufanya. Hakuniambia. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida kama tuko mezani, "Unaona nini?"

"Kilele kimekaa juu ya msumeno."

"Kwa hiyo unataka nini?"

Nikapumua. Nikaangalia ufa nilioukata. Upande mmoja ulikuwa bado na nafasi ya kuingiza ukucha. "Nataka kabari mbili na nyundo."

"Mpelekeeni," Baba akasema.

Niliteremsha kamba nyembamba. Mchumaji mmoja akavua kikapu chake mgongoni, wakaweka ndani kabari na nyundo, nikakivuta juu, na majani mawili matatu ya chai yakiwa bado yameng'ang'ania ukingoni. Nikaingiza kabari ya kwanza nikaigonga. Hakuna kitu. Nikagonga tena. Nikaingiza ya pili kando yake, nikagonga moja, nikahamia nyingine, mkono ukiwaka moto hadi begani. Na ghafla nikaona ufa ukipanuka, unene wa kisu, kisha unene wa kidole. Msumeno ukanasuka, mwepesi mkononi mwangu.

"Nani yuko kwenye kamba ya kuvuta?" nikaita.

Nilitarajia wanaume. Walikuwa wachumaji, wanawake saba, wamejipanga kwenye napia na kamba imekaza. Kogo mwenyewe alikuwa wa mwisho, mwavuli ameutupa.

"Ngojeni upepo utulie," nikasema. "Nikisema vuta, vuteni, na msiachilie!"

Upepo ukatulia. Majani ya kilele yakaacha kutikisika. Nikawasha, nikakata kilichobaki.

"Vuta!"

Kilele kikainama, polepole kwanza, kama mtu mzee anayeamka kitini. Kisha kikaenda. Shina likanirusha nyuma, likanirudisha mbele, nikalikumbatia kwa mikono yote miwili, na chini kikasikika kishindo kilichowatoa kuku wote mbio. Nilipofungua macho, kilele kilikuwa kimelala katikati ya napia. Tangi lilikuwa limesimama. Nyumba ilikuwa imesimama.

Vigelegele vilianza kwa kogo, vikachukuliwa na wachumaji, vikavuka ua hadi shambani kwa watu ambao hata hawakujua kinachoshangiliwa. Mimi huko juu nilicheka mpaka machozi yakaniingia mdomoni. Baba alivua kofia yake, akaiinua juu na kuishikilia hapo.

Shina lililobaki nililipunguza vipande vipande nikishuka, na saa nane nilikanyaga ardhi. Nikakaa chini palepale. Kogo akaniletea mursik kwenye kibuyu, maziwa mazito yenye majivu, nikanywa bila kupumzika. Yule fundi wa pawasoo alikuja akachuchumaa karibu nasi, akaangalia mzunguko wa kamba kwenye mgrevilea.

"Mzee," akamwambia Baba, "hii kamba mnaizungushaje?"

"Muulize huyo," Baba akasema. "Ndiye fundi. Mimi leo nimeshika kamba tu."

Akaniuliza, nami nikamwonyesha. Alikuwa mtu wa kusikiliza, nikagundua, akishaacha kukunja mikono. Alitusaidia kupasua magogo mpaka mvua ilipokuja, ile ya alasiri isiyokosa huku kwetu. Sote tukakimbilia ndani ya nyumba ya kogo, wachumaji na vikapu vyao, fundi, Baba na mkongojo wake. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu na upepo ukaja nayo, na kogo akasimama dirishani akitazama anga tupu pale mti ulipokuwa.

"Haya," akasema hatimaye, "mnisaidie kurudisha kitanda changu kutoka kwa jirani."

Tangu siku ile nimepanda miti katika maboma mengi nisiyoweza kuyahesabu. Wiki iliyopita nilikuwa Siongiroi, kwenye mti mrefu ulioegemea nyumba ya mchungaji, na watu walikuwa wamejaa uani kama kawaida. Hakuna aliyeuliza kama mwanamke anaweza. Waliuliza tu nikimaliza pale nitaenda kwa nani.