Siku Niliyokuwa Bosi pale Kabuta

Mimi ni mutu wa kupenda sifa, nakiri. Nilipoanza kuuza chai na mikate pale Kabuta, kando ya ziwa Mweru, wavuvi waliniita bosi, nami nilikuwa naitika kwa sauti ya juu ili majirani wasikie. Kwetu ng'ambo, Kongo, tulikuwa tunasema patron, na hakuna aliyemupa jina hilo mama wa birika. Huku Zambia kila mutu ni bosi. Polisi ni bosi, mwenye baiskeli ya kupakia samaki ni bosi, hata mulevi anayekuomba sigara anakuita bosi. Neno jepesi, nikasema moyoni.

Binti yangu, anayesomea ualimu, ndiye aliyeniharibu kabisa. Aliniambia Waingereza wenyewe walilichukua kwa Waholanzi, ambao walisema baas kwa maana ya bwana wa kazi. Likashika sana kule Amerika, kwa sababu wafanyakazi wa kule walikataa kumwita tajiri wao bwana, kama watumwa. Alors, nikamwambia, bosi ni bwana asiye na fimbo, linanifaa sana. Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Kati ya wateja wangu kulikuwa na mutumbwi mumoja wa watu wanne, Wabemba, Kiswahili chao cha sokoni tu. Mwenye mutumbwi alishahama zamani, akawaachia. Kila asubuhi, kabla ya kumuuzia mutu yeyote, mukubwa wao alikuwa ananiletea sahani ya chisense, wale samaki wadogo wa kuanika. Sahani ya kwanza, maji yangali yanachuruzika. Mimi nilikuwa namumiminia chai. Nilidhani ni ujirani tu, nikala miaka miwili bila kuuliza. Mujinga mimi.

Asubuhi moja, baada ya upepo mukali, walikuja watatu. Walikuwa wamelowa, midomo inatetemeka. Hawakusalimia. Waliketi chini mbele ya meza yangu, wakatazama muchanga. Nikauliza mukubwa wao yuko wapi. Nikainua macho, nikaona mutumbwi umevutwa ufukweni, na ndani yake kitu kirefu kimefunikwa na turubai la kuanikia samaki. Birika lilinitoka mukononi.

Halafu nikaona jambo lililonitisha kuliko maiti. Hakuna aliyelia. Kabuta nzima ilikuwa imesimama, wanawake wamejiziba midomo kwa vitenge, na wote wananitazama mimi. Nikawauliza wana nini, hawana moyo? Mama muuza chumvi, jirani yangu wa meza, akanisogelea.

"Mama, weye njo ulikuwa unakula sahani ya kwanza," akasema polepole. "Sahani hiyo ni ya mwenye mutumbwi, basi weye njo bosi wao. Mama ya ule mukubwa hawezi kusikia kwa mutu mwingine. Na sisi hatuwezi kulia yeye akiwa hajasikia."

Nilikasirika, Mungu anisamehe. Nilimwambia mimi ni mukimbizi, muuza chai, sijui hata kuogelea, na sahani hiyo sikuiomba. Nilitazama huku na huku, nikitafuta mutu mukubwa kuliko mimi. Hakuna. Wale watatu walikuwa wangali wamekaa chini, na nyumba ya mama wa marehemu ilikuwa inaonekana kutoka pale pale, upande wa juu wa barabara. Jua lilikuwa linapanda. Nikafikiri, mutoto wake analala juani, na yeye peke yake hajui.

Nikavua aproni, nikapanda kwake. Nyuma yangu watu walifuata kimya, kundi zima.

Yule mama alikuwa uani, anatwanga mihogo. Zamani alikuwa akivuka ziwa kuuza samaki Kilwa, ile ya upande wa Kongo, kwa hiyo Kiswahili anakijua. Alituona tangu mbali. Hakuacha kutwanga. Nilipofika karibu, nikafungua kinywa, akainua mukono mumoja, na mwingine ukaendelea na mchi.

"Ngoja, bosi. Usiseme kwanza," akasema. "Kama haujasema bado, mutoto yangu iko muzima."

Nilisimama. Alitwanga, akachekecha, akarudisha makapi kwenye kinu, akatwanga tena, mpaka unga ukawa laini kabisa. Jasho lilikuwa linamutiririka. Mimi nilikuwa nalia ndani kwa ndani, nikimwomba Mungu mihogo ile isiishe. Iliisha. Akafunika unga, akaegemeza mchi ukutani, akaketi juu ya mukeka na kunyoosha miguu. Akafungua kilemba chake, akakikunja, akakiweka mapajani.

"Bon," akasema. "Sema."

Nikasema.